Kura Moja kwa Osite Petitpas

"Nundu hiyo naijua," alisema Placide Forest, akaizunguka meza ili amwone mgeni kwa nyuma. "Hiyo nundu inakuja humu kila mwaka."

Watu waliojaa jikoni wakacheka. Mgeni alikuwa amevaa koti la turubai la wavuvi, buti za kiume, na kichwani soksi nyeusi iliyotobolewa matundu mawili ya macho. Mgongoni kulikuwa na mto mzima umesokomezwa. Ndani ya hayo yote alikuwamo Osite Petitpas, mshonaji wa nguo wa Petit-Havre, umri wake miaka thelathini na moja, na moyo ulikuwa unamdunda mpaka akaogopa koti litatikisika.

Ilikuwa Nusu-Kwaresima, ile siku moja katikati ya mfungo ambayo kijiji kizima hujiruhusu ukichaa. Watu wanaficha nyuso, wanaingia nyumba za wenzao mchana kweupe, na wakisema neno wanalisema kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa, ili hata mama mzazi asimjue mwanawe. Mwenye nyumba kazi yake ni kubahatisha. Akikutaja jina, unavua. Akishindwa, anakupa peremende ya molasi na unaondoka na siri yako.

Osite hakufuata peremende. Alikuja kutajwa. Asubuhi ile alijiwekea nadhiri mbele ya kioo: Placide akinitambua, nitamngoja tena, hata miaka saba mingine. Asiponitambua, basi.

Ndiyo, alikuwa amemngoja miaka saba. Placide alikuwa na duka kubwa kuliko yote pale bandarini, anauza kamba, chumvi, vitambaa na majani ya chai, na alikuwa na sauti ambayo hata akikwambia misumari imeisha unarudi nyumbani umefurahi. Biashara ilipomnyookea, siasa zikamwita. Kwanza akawa kamishna wa shule. Halafu msimamizi wa barabara. Halafu hakimu wa wilaya. Sasa alikuwa anagombea, dhidi ya mfanyabiashara Tremlett, kiti cha bunge la jimbo kule Halifax, mahali ambapo hakuna mtoto wa Petit-Havre aliyewahi kukaa. Na kila alipotaka kupanda ngazi moja, alimwandikia Osite kijibarua kwenye karatasi ya buluu, ile ya kufungia sukari: nikishapata hiki tu, mpenzi, tunakwenda kwa padri.

Aliyeivumbua sababu ya kungoja alikuwa Urbain Samson, mpiga debe wake.

"Mwanamume ambaye hajaoa ana wakwe kila nyumba," Urbain alikuwa akimwambia. "Ukioa binti mmoja, baba za wengine wote wanakunyima kura."

Kwa hiyo mapenzi yao yakafungiwa kabatini. Waliojua ni Urbain, na Domitille, mke wa kaka yake Osite, ambaye hafichwi kitu, maana ukimficha anajua hivyo hivyo. Ni Domitille aliyemsokomeza mto mgongoni. Yeye na Osite walisahau kwamba Urbain Samson, tangu utoto wake, kila Nusu-Kwaresima huvaa nundu.

Placide akamletea mgeni chai. Osite akakizungusha kikombe mara mbili kwenye kisahani kabla ya kukiinua, kama afanyavyo siku zote, kama alivyofanya mbele ya macho ya mtu huyu mara zisizohesabika. Akangoja. Placide alikuwa anatazama mlango.

"Njoo dukani kidogo," akamnong'oneza. "Kuna jambo."

Duka lilikuwa limepakana na jiko. Mle ndani palikuwa na baridi na harufu ya kamba mpya, na nje ya dirisha theluji ilikuwa inaanguka polepole sana, kana kwamba haina mahali pa kwenda. Osite alikuwa ameota sehemu hii mara nyingi: wao wawili, mlango umefungwa, yeye anamvua barakoa. Akafumba macho.

"Umerudi lini?" Placide akauliza. "Nilikutegemea jana. Barafu bado inabeba farasi?"

Osite akafumbua macho.

"MacPhee kasemaje? Hapana, usivue, watu watajua tuna mazungumzo. Niitikie kwa kichwa tu. Bado anataka nimuoe Flora?"

Alasdair MacPhee alikuwa mfanyabiashara wa mbao kule milimani, upande wa Waskoti, na Flora alikuwa binti yake wa pekee. Osite hakujua kama aliitikia kwa kichwa au kichwa kiliinama chenyewe.

"Basi nenda kamwambie nimekubali," Placide akasema. Alishusha pumzi, akajishika paji la uso. "Usinitazame hivyo, Urbain. Wewe ndiye uliyenihesabia. Wanaume arobaini wa kule wanapiga kura anakoangalia MacPhee. Bila wao Tremlett ananimaliza. Mwache mzee aamini mpaka siku ya kura. Nikishaapishwa nitatafuta sababu ya kujitoa."

Osite akavuta pumzi ndani. Sauti ikatoka ile ya Nusu-Kwaresima, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Na Osite?"

Placide akatabasamu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwa sababu lilikuwa tabasamu la upendo wa kweli.

"Osite ataelewa," akasema. "Osite amezoea kungoja."

Akamtilia peremende mbili kwenye mfuko wa koti, akampiga kofi la kirafiki kwenye nundu, akamfungulia mlango wa nyuma.

* * *

"Kasema amezoea nini?"

"Kungoja."

Domitille alikuwa anakatakata viazi. Akaacha, kisu bado mkononi.

"Wifi, nipishe hapo mlangoni. Naenda."

"Wapi?"

"Kwa Forest. Naenda kumwonyesha mtu aliyezoea kungoja."

"Kaa, Domitille."

"Basi nimwambie kaka yako. Isidore akijua, ukoo mzima wa Petitpas unampigia Tremlett. Kura kumi na moja hizo. Aende Halifax akauze misumari."

"Nimesema kaa."

Domitille akakaa. Osite alivua buti, akavua koti, akautoa ule mto na kuupakata. Peremende ziliangukia sakafuni na hakuziokota. Hapo ndipo alipolia, kimya kimya, na Domitille, ambaye kwa kawaida anakatisha hata sala, alimwacha alie mpaka mwisho.

"Kinachoniuma si Flora," Osite akasema baadaye. "Flora naye anadanganywa, maskini. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa mbele yake, Domitille. Nimekishika kikombe chake. Na hakuniona."

"Ulikuwa na soksi kichwani, wifi. Tuseme ukweli."

"Wewe ungemjua kaka yangu ndani ya soksi?"

"Isidore ningemjua ndani ya pipa la chumvi." Domitille akakwaruza kiazi kilekile kwa muda. "Haya. Unataka nini?"

Osite alifikiri. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kufikiri huku mikono ikifanya kazi, na mikono yake ilikuwa inakung'uta manyoya ya ule mto.

"Nataka anitaje," akasema. "Mara moja tu. Kwa sauti, mbele ya watu, kama wanaume wanavyomtaja yeye siku ya kura. Asiponitaja, nitakwenda Boston kwa binamu zangu nikashone huko, na hamtanisikia nikimsema."

* * *

Wiki mbili baadaye kijibarua kikaja, kimekunjwa ndani ya kitambaa alichoagiza dukani. Karatasi ya buluu, mwandiko ule mzuri wa kulala upande.

"Osite wangu, utasikia maneno kutoka milimani. Usiyajali. Ni siasa tu. Siku ya kura ikishapita, naapa, tunakwenda kwa padri. Subira kidogo. P."

Naye akajibu kwa mstari mmoja, na Domitille akaupeleka pamoja na mayai:

"Siku ya kura nitakuja. O."

Placide alimfuata Domitille mpaka nje ya duka.

"Shemeji, atakuja kufanya nini? Wanawake hawaji pale."

"Mimi naleta mayai tu, mheshimiwa," Domitille akajibu, akaenda zake.

Barafu ikakatika ghubani, ikaanza kuelea kwenda bahari kuu, vipande vyeupe vikipita mbele ya madirisha mchana kutwa. Osite alikaa kwenye dirisha lake akashona gauni za watu. Wateja wakishaondoka, alitoa lile kasha la chini ya kitanda. Vijibarua vilikuwa vingi kuliko alivyokumbuka. Kimoja cha ukamishna, na ahadi yake. Kimoja cha barabara, na ahadi yake. Vitatu vya uhakimu, maana uhakimu ulichelewa. Alivisoma vyote kwa mara ya mwisho, na alipofika kile cha kwanza kabisa, cha kabla ya siasa, kilichosema tu "Jana ulicheka na mimi nikasahau bei ya kitambaa," alikisoma mara mbili. Hicho alikirudisha kwenye kasha.

Vingine akaviunganisha kimoja kwa kimoja juu ya kitambaa cha bitana, kwa mishono midogo isiyoonekana, mpaka vikawa uso.

* * *

Enzi zile kura ilipigwa kwa mdomo. Mbele ya shule palijengwa jukwaa la mbao. Juu yake anakaa msimamizi wa uchaguzi, pembeni karani na daftari lake, na wagombea wanasimama kila mmoja upande wake. Mwanamume anapanda, anataja jina lake, anataja jina la mtu wake kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, na mtu wake anainama kumshukuru. Hakuna pa kujificha. Na ilikuwa desturi ya waungwana kwamba mgombea mwenyewe hupiga kura mwisho, naye humpigia mpinzani wake, asije akaitwa mlafi.

Siku hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye paa za nyumba. Watu walikuwa wanatokea ndani yake wakitanguliwa na sauti zao.

"Isidore Petitpas. Placide Forest!"

"Nakushukuru, Isidore."

"Fulgence Marchand. Tremlett!"

"Asante, bwana," akasema Tremlett, mzee mnene wa Kiingereza aliyekuwa anauza mbao na samaki, na aliyeonekana kuhitaji kukaa.

Hadi adhuhuri Tremlett alikuwa mbele kwa kura tisa, na wa kijijini walikuwa wamekwisha. Hapo ndipo zumari za Waskoti zikasikika barabarani. MacPhee akatokea ukunguni na wanaume wake arobaini, na nyuma, juu ya gari la farasi, Flora na kofia mpya. Urbain Samson akamkonyeza Placide. Placide akanyoosha koti.

Kabla MacPhee hajaweka mguu kwenye ngazi, mtu mwingine akampita.

Alivaa koti la turubai na buti za kiume. Nundu hakuwa nayo. Usoni alikuwa na barakoa ya buluu, na kote juu yake maandishi.

"Huyo anataka nini?" msimamizi akauliza. "Nusu-Kwaresima imepita zamani."

"Jina?" akasema karani, kalamu juu, bila hata kuinua macho. Tangu asubuhi alikuwa hafanyi kingine.

Yule mtu akavuta pumzi ndani.

"Sikuja kupiga kura. Nimekuja nitambuliwe. Mwenye nyumba ni huyu," akasema, akimnyooshea Placide kidole.

Uwanja mzima ukacheka. Placide naye alianza kucheka, kile kicheko cha mgombea, halafu akausogelea ule uso na kicheko kikamkatikia njiani. Kwenye shavu la kushoto aliusoma mwandiko wake: nikishapata ukamishna. Kwenye paji la uso: uhakimu ukishapita, naapa. Chini ya jicho: subira kidogo.

"Mtaje Urbain," Urbain akamnong'oneza kwa nyuma. "Sema jina langu, watu wacheke, ashuke. Placide, unanisikia? MacPhee anatazama."

Placide alikuwa anaitazama mikono ya yule mtu. Tangu Urbain mwenyewe aliporudi siku ya pili na kutumwa tena milimani, alikuwa akijiuliza ni nani aliyekuwa ndani ya nundu ile.

"Ulikuja kwangu siku ile?" akauliza taratibu.

"Nilikuja. Nikanywa chai yako."

"Ukaingia na mimi dukani."

"Nikaingia. Ukaniambia nimezoea kungoja."

Osite, ndani ya karatasi, aliona uso wa Placide ukipauka. Aliona pia kitu ambacho hakukitegemea: hakuangalia upande wa MacPhee, wala upande wa Urbain, wala upande wa watu. Alikuwa anamwangalia yeye, matundu yale mawili, kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka njia ya kwao. Ukungu ulikuwa unapita katikati yao. Kwa muda ule mdogo Osite alisahau kwamba alikuja na hasira.

"Huyu ni nani, Forest?" akauliza MacPhee kutoka chini.

Placide akainua kichwa. Akaitoa ile sauti iliyomjengea duka na uhakimu.

"Osite Petitpas."

Ilifika mpaka nyuma. Ilifika mpaka kwa wanawake waliokuwa wanachungulia kwenye madirisha ya shule. Na katika kimya kilichofuata ikasikika kalamu ya karani ikikwaruza.

"Placide Forest," karani akasoma alichoandika, "kura moja kwa Osite Petitpas."

"We karani, futa hiyo," Urbain akasema.

"Kitabu hiki hakifutwi."

Urbain akamgeukia msimamizi. Msimamizi alikuna kidevu.

"Amesimama jukwaani, amesema jina kwa sauti, na alikuwa hajapiga kura yake," akasema. "Kwa sheria ninayoijua mimi, amepiga. Imeharibika, lakini amepiga."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwafukuza njiwa wa kanisani. Tremlett alicheka mpaka akapata kisingizio cha kukaa. MacPhee peke yake hakucheka.

"Forest. Uliniambia hujafungwa na mtu."

"Nilikudanganya, Bwana MacPhee. Sikuwa na nia ya kumuoa binti yako. Nilitaka kura zako, basi. Naomba radhi, na kwake pia."

"Hata mimi sikuwa na nia," Flora akasema kutoka juu ya gari. "Ila mimi baba hakuniuliza."

MacPhee alimtazama binti yake, akamtazama Placide, akapanda ngazi. Alijitaja jina, halafu akamtaja Tremlett. Arobaini walimfuata mmoja mmoja, na ilichukua muda, na Placide alisimama pale pale mpaka wa mwisho, akiwa ameshika kofia mkononi.

Walipoisha, alimgeukia Osite.

"Vua sasa," akamwambia. "Nimekutaja."

Osite akavua. Nywele zilikuwa zimemganda kwa jasho na macho yamemvimba.

"Padri yuko pale," Placide akasema. "Twende leo. Twende sasa hivi. Sina kiti tena cha kusubiri."

Miaka saba Osite alikuwa amejiandalia jibu la maneno hayo. Sasa yamekuja, na lile jibu alilojiandalia halikuwa kweli tena.

"Leo hapana, Placide."

"Si umesema umekuja utambuliwe—"

"Nilimwambia Domitille nikitajwa siendi Boston. Siendi." Akamkabidhi ile barakoa. "Mimi nimesubiri nikiwa kabatini. Wewe ngoja mchana kweupe, kila mtu akikuona. Tuone unavyoweza."

* * *

Petit-Havre haikumsamehe Osite upesi. Walikuwa wamekosa kiti kwa ajili ya mambo ya mapenzi, na wapo waliopeleka nguo zao zikashonwe kijiji cha pili. Domitille aliwajibu kisimani kwa niaba ya ukoo.

"Mlitaka mbunge anayedanganya wasichana? Mngemchagua Urbain."

Placide naye alirudi kwenye kamba zake na chumvi yake. Vijibarua vya buluu havikuandikwa tena. Badala yake, Jumapili ya kwanza baada ya kura, watu wakitoka misa, alisimama mlangoni mwa kanisa, akavua kofia na kusema, kwa sauti ya jukwaani:

"Habari za asubuhi, Osite Petitpas."

Osite akajibu salamu, akapita. Jumapili ya pili akasema tena. Ya tatu, watu wakaanza kungoja waisikie. Ikafika wakati wa kukausha samaki, ikafika wakati wa viazi, theluji ikaanguka mara ya kwanza, na kila Jumapili jina lile likatajwa pale mlangoni bila kuongezewa neno. Hakusema mpenzi, hakuahidi kitu. Osite alikuwa akirudi nyumbani akitembea polepole ili sauti ikae naye zaidi, na hilo hakumwambia hata Domitille. Domitille alilijua hivyo hivyo.

Nusu-Kwaresima iliporudi, jiko la Isidore lilijaa wageni wa kila aina: dubu mmoja, bibi harusi wawili wenye ndevu, na Urbain na nundu yake, akatajwa kabla hajavuka kizingiti. Jua lilikuwa linashuka juu ya barafu ya ghuba, na dirisha lote lilikuwa la rangi ya chungwa, mlango ulipogongwa tena.

Aliyeingia alivaa barakoa ya buluu, yenye maandishi kote.

Hakuwapo mtu mle asiyemjua. Domitille alitaka kusema, Isidore akamkanyaga mguu.

"Mbahatishe, wifi," Domitille akasema kwa tabu.

Osite alikunja mikono. Akamzunguka mgeni taratibu, akamkagua mgongo.

"Ni Fulgence Marchand," akasema.

Mgeni akatikisa kichwa kukataa.

"Basi Tremlett. Naona amekonda."

Mgeni akakataa. Watu wakaanza kugunaguna.

"MacPhee. Karani wa uchaguzi." Mgeni alikataa na kukataa. "Mwana wa sonara wa mjini Arichat. Farasi wa padri."

"Hilo ni la sita," Isidore akanong'ona, na hapo wote wakaelewa Osite alikuwa anahesabu miaka.

Osite alikuwa amefika mbele ya mgeni. Kupitia matundu yale, ambayo aliyakata mwenyewe kwa mkasi wake, aliona macho yamelowa. Akaacha moyo wake utulie. Haukutulia.

"Baba Mtakatifu," akasema, kwa sauti ndogo.

Mgeni akakataa mara ya saba.

"Kama si hao," Osite akasema, na sasa aliipandisha sauti mpaka ikafika kwa dubu pale nyuma, "basi ni Placide Forest."

Kanuni ni kanuni: ukitajwa, unavua. Lakini kamba ilikuwa imekaza kwa baridi, na vidole vya Placide vikashindwa kuifungua. Osite akamsogeza mikono, akalifungua fundo mwenyewe, kisha akammiminia chai. Alikizungusha kikombe mara mbili kabla ya kumpa. Safari hii Placide aliona.

Kesho yake asubuhi walikwenda kwa padri, katikati ya barabara, watu wakiwatazama kutoka kila dirisha. Padri aliwasikiliza, akafurahi, halafu akakumbuka kalenda.

"Wanangu, Kwaresima hakuna ndoa, na mnajua. Ni mpaka Pasaka ipite. Wiki tatu na ushee." Akamgeukia Placide kwa huruma. "Utaweza, mwanangu?"

"Bila shaka, Baba," Placide akasema. "Mimi nimezoea kungoja."